Moshi ni uleule, hewa ndiyo inayobadilika: jibu kwa mama wa Chikongola

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Chikongola, Mtwara mjini. Mwanangu wa kiume ana miaka saba na ana pumu. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa anabanwa sana, hasa alfajiri na wakati wa kwenda shule. Nikiamka naona moshi umelala juu ya mabati ya majirani kama shuka, lakini ikifika saa tano siuoni tena, na majirani bado wanapika. Mama mkwe anasema ni baridi tu. Mvua zikianza mtoto anapata nafuu. Hali ya hewa inahusikaje na moshi? Kaka yangu anataka kuninunulia kile kifaa kidogo cha kupima hewa, je, kitanisaidia? Na nimpeleke mtoto kwa bibi yake kijijini Newala likizo ya Juni, maana kule hewa ni safi?

Jibu: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Kukesha na mtoto ambaye kifua kinalia filimbi kunachosha mwili na moyo. Swali lako limeandikwa na mtu aliyekaa akatazama vizuri, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Lile la Newala nitaliacha mwisho, kwa sababu jibu lake huenda lisiwe unalolitarajia.

Tuanze na ulichokiona kwa macho yako. Saa kumi na mbili asubuhi moshi umelala juu ya mabati, saa tano haupo. Majirani walipika asubuhi na bado wanapika mchana. Pengine mchana ndio wanapika zaidi, maana ugali na mboga hukaa jikoni kuliko chai. Basi moshi haukupungua. Kilichobadilika ni ukubwa wa hewa iliyopewa kazi ya kuubeba.

Usiku wa kiangazi, anga likiwa jeupe, yaani bila mawingu, na upepo umelala, ardhi hupoteza joto lake upesi. Mchanga mkavu kama wetu unapoa haraka zaidi. Wewe mwenyewe ukiukanyaga pekupeku alfajiri ya Julai unajua. Hewa inayogusana na ardhi hiyo nayo inapoa, inakuwa nzito, inabaki chini. Juu yake, kwenye mita mia moja hivi, ipo hewa iliyobaki na joto la jana. Siku za kawaida ukipanda juu hewa inazidi kupoa, ndiyo maana Newala kuna baridi kuliko Mtwara mjini. Lakini usiku wa namna hii mambo yanapinduka: chini baridi, juu joto. Moshi unatoka jikoni ukiwa wa moto, unapanda, unapoa njiani, na unapofika pale penye hewa ya joto hauna tena nguvu ya kupenya. Unalala. Ni kama sahani ya wali wa moto iliyofunikwa kawa: mvuke unapanda, unagonga kawa, unatambaa pembeni. Sisi wa fani hii tuna majina yetu marefu ya hali hiyo, ila mimi nimezoea kuiita kawa, na humu nitaiita hivyo.

Jua likipanda, ardhi inapata joto, hewa ya chini inaanza kuchemka na kulisukuma kawa juu kidogokidogo. Kufikia saa nne au saa tano limeshainuka mamia ya mita, au limevunjika kabisa. Sasa piga hesabu. Moshi uliokuwa umebanwa ndani ya mita 100 za hewa, ukipewa mita 1,000, kila pumzi anayovuta mwanao ina sehemu moja ya kumi ya moshi ule. Hakuna jiko lililozimwa. Nakuomba ulishike hili kuliko mengine yote nitakayosema: katika miji yetu, saa unayotoka nje inaweza kuwa na uzito kuliko idadi ya majiko yanayowaka.

Mama mkwe wako hakukosea, usibishane naye. Hewa baridi yenyewe huweza kubana njia za hewa za mtu mwenye pumu. Ila baridi ya alfajiri na kawa huja pamoja, ni watoto wa usiku mmoja, na ukilaumu baridi peke yake utamvalisha mtoto masweta mawili kisha umpitishe katikati ya moshi.

Pengine nieleze ni nini hasa kinachombana. Ndani ya moshi wa kuni, mkaa, takataka na injini za magari mna gesi, na mna chembechembe, vipande vidogo mno vya masizi na vitu vilivyoungua nusu. Tunazozihofia zaidi ni zile zenye upana wa mikroni 2.5 kushuka chini; mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una upana wa mikroni 50 hadi 70, kwa hiyo hizi zinaweza kupangwa zaidi ya ishirini kwenye upana wa unywele mmoja. Vumbi la kawaida la barabarani ni kubwa zaidi, hukamatwa puani na kooni, unalipenga au unalikohoa. Zile ndogo hupita hapo zikashuka mpaka ndani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kipimo chake cha tahadhari kwa chembe hizo: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, na wa saa 24 usizidi 15. Kabla ya hapo, tangu 2005, vilikuwa 10 na 25. Walishusha kwa sababu madhara yalionekana hata kwenye viwango vilivyokuwa vikidhaniwa ni vidogo.

Kuna mwaka mmoja ambao huwa naukumbuka ninapofundisha jambo hili. Aprili 1952 kimbunga kilitoka baharini kikapiga Lindi na kuua watu. Desemba ya mwaka huohuo, kuanzia tarehe 5 hadi 9, jiji la London lilikaa siku tano bila upepo. Anga la juu lilitulia, kawa likafunikwa juu ya jiji, na watu waliokuwa wanawasha makaa ya mawe majumbani kama kila msimu wa baridi wakajikuta hawaoni hatua chache mbele yao. Hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa kama 4,000. Makadirio ya baadaye yalifika 12,000. Lindi iliumizwa na upepo uliozidi, London ikaumizwa na upepo uliokosekana. Na wa London hawakuwa wameanza kuchoma kitu kipya wiki ile. Miaka minne baadaye, 1956, Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi, na sheria ile ilishughulikia majiko na mabomba ya moshi, kwa kuwa upepo hauamriwi na bunge.

Sisi wa pwani, mama, tuna bahati moja kubwa. Bahari haipoi usiku kama nchi kavu, na mchana haipati moto kama nchi kavu. Kwa hiyo mchana nchi ikichemka, hewa inapanda na upepo wa bahari unaingia kujaza nafasi, kuanzia saa nne au saa tano hadi jioni. Usiku mambo yanageuka: nchi imepoa, upepo mwepesi unateremka kutoka bara kwenda baharini. Wavuvi wa Shangani na Msangamkuu hawahitaji kuelezwa na mimi; wanatoka alfajiri upepo wa nchi ukiwasukuma, wanarudi na upepo wa bahari. Kiswahili kinauita upepo ule wa alfajiri umande, jina lilelile la maji yanayokutwa juu ya majani. Naipenda sana lugha hii kwa hilo, kwa sababu upepo wa umande na maji ya umande vinatokana na jambo moja, kupoa kwa ardhi chini ya anga jeupe.

Upepo ule wa umande unabeba moshi wa mji mzima taratibu kuelekea baharini. Ukisimama juu ya vilima vya Mikindani asubuhi ya Juni utauona umetandazwa juu ya ghuba, bapa kabisa, kama mtu ameukunjua kwa mkono. Pale Mikindani vilima vimeuzunguka mji, na hewa baridi hutelemka kwenye miteremko kama maji na kutuama chini penye nyumba. Lindi nayo ina vilima nyuma na ghuba mbele, basi hali hufanana. Chikongola ni tambarare, kwa hiyo kawa lenu huwa jepesi kidogo kuliko lao.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Moshi uliosukumwa baharini usiku haujaenda mbali. Upepo wa bahari ukianza kuingia asubuhi, wa kwanzakwanza hurudisha sehemu ya moshi uleule wa jana usiku. Na wakati kawa linavunjika, moshi uliokuwa umening'inia juu ya paa huchanganywa ghafla mpaka chini puani. Ndiyo maana baadhi ya siku saa mbili hadi saa tatu asubuhi ni mbaya kuliko saa kumi na mbili, ingawa jua limeshawaka na mama unajiambia hatari imepita. Inadumu muda mfupi, nusu saa, labda saa moja. Kisha hewa ya bahari kuu inaingia, na hiyo kwa kweli ni miongoni mwa hewa safi anazoweza kupata mtoto mwenye pumu.

Umeuliza kwa nini Juni hadi Septemba. Sababu ni kadhaa na zinaangukia miezi ileile. Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili au mapema Mei. Baada ya hapo mawingu yanapungua, usiku unakuwa mweupe na mrefu, na kawa linapata nafasi ya kufunikwa usiku mwingi mfululizo. Ardhi imekauka. Mchana kusi anavuma kwa nguvu na kuinua mchanga barabarani, na malori yanayoelekea bandarini, yakiwemo ya makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma, yanasaga lile vumbi na kulirusha tena.

Hapa upepo ana sura mbili, na watu huchanganyikiwa. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, moshi uleule unagawanywa kwenye hewa iliyo mara mbili, ndiyo faida yake. Lakini kasi ikipita kiwango fulani, ule mchanga uliokuwa umetulia unaanza kuruka, na upepo anakuwa ndiye mchafuzi. Kwa hiyo kusi wa mchana anafagia moshi na kuleta vumbi. Macho yanawasha, pua zinaziba, lakini vumbi lile ni zito, upepo ukitulia linaanguka. Wakati wa kiangazi kifua cha mwanao kina saa zake mbili tofauti: alfajiri ya moshi wa chembe ndogo zinazozama ndani, na alasiri ya vumbi kubwa linalokera juujuu. Kwa maelezo yako, saa inayombana ni ya kwanza.

Halafu kuna moto wa nyika. Kuanzia Julai hadi Oktoba, watu wanachoma mashamba na mapori Liwale, Nachingwea, Tunduru na ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Setilaiti za Terra na Aqua, zilizorushwa 1999 na 2002, zimekuwa zikiiona mioto hiyo ya kusini mwa Afrika mwaka baada ya mwaka, maelfu ya vidoa vyekundu kwenye ramani. Mchana kusi anausukuma moshi ule kuelekea bara, mbali na sisi. Usiku, ule upepo wa nchi unateremka nao polepole. Ukiamka ukasikia harufu ya majani yaliyoungua na hakuna jirani aliyechoma kitu, huo ndio umekufikia.

Mvua zikianza, mambo haya yote yanavunjika kwa pamoja, na nafuu ya mwanao inatoka hapo. Watu hudhani mvua huosha hewa kama unavyoosha sahani. Ni kweli kwa vumbi. Kwa moshi, mvua ni mfuaji mzembe: tone linaposhuka husukuma hewa iliyo mbele yake, na chembe ndogo huenda na ile hewa, hupishana na tone bila kuguswa. Zinazoponyoka zaidi ni zile zenye upana wa kati ya mikroni 0.1 na 1, na moshi umejaa hizo. Kinachosaidia zaidi ni vingine. Ardhi inalowa, vumbi halinyanyuki. Nyika inachipua, moto haushiki. Na mawingu ya usiku yanaifunika ardhi kama blanketi, haipoi sana, kwa hiyo kawa halijengeki. Usiku wenye mawingu hata kama haujanyesha ni usiku mwema kwa mtoto wako.

Lakini tazama ndani ya nyumba msimu huo. Mvua inapoingiza jiko la mkaa ukumbini, milango ikafungwa, unakuwa umejitengenezea kawa lako mwenyewe lenye urefu wa mita mbili na nusu. Na gesi ya mkaa isiyo na harufu inaua familia nzima usingizini. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama limebaki majivu yanayong'aa kidogo tu.

Kuhusu kifaa cha kaka yako. Anaonyesha upendo, mshukuru. Vifaa hivi vidogo hupima kwa kumulika mwanga na kuangalia unavyotawanywa na chembe. Shida yake kwetu ni unyevu. Chembe za chumvi ya bahari na za moshi hunyonya maji alfajiri na kuvimba, na kifaa kinaona chembe kubwa kuliko ilivyo, kinasoma namba ya juu kupita kweli. Kikikuambia alfajiri ni mbaya kuliko mchana, kiamini kwa mwelekeo, usikiamini kwa tarakimu. Macho nayo yana kosa hilohilo: weupe mwingi wa asubuhi ni ukungu wa maji tu. Tumia pua. Ukungu hauna harufu, moshi una harufu.

Kwa maoni yangu una kifaa bora kisichouzwa, nacho ni bati la jirani. Ukitoka nje alfajiri ukakuta mabati yanadondosha maji na majani yamelowa chepechepe, bila mvua, basi usiku ulikuwa mweupe, upepo ulilala, na kawa limefunikwa barabara. Ukikuta pakavu, ama upepo ulivuma usiku kucha ama kulikuwa na mawingu, na hewa ya asubuhi hiyo itakuwa afadhali. Hata jioni unaweza kubashiri: nyota zimejaa, majani ya mnazi hayatikisiki, moshi wa jiko la mbele unapanda wima kisha unakunjika na kulala. Kesho alfajiri jiandae.

Kujiandaa maana yake nini? Usiku wa namna hiyo funga madirisha yanayoelekea jikoni kwa jirani na yanayoelekea barabarani tangu magharibi, ilimradi ndani hakuna moto wowote. Yafungue yote saa nne, upepo wa bahari ukishaingia, yaache hivyo mpaka alasiri. Nyumba inahitaji kupumua na huo ndio wakati wake. Kama kusi anarusha vumbi, fungua ya upande usio na barabara.

Uwanja nyunyizia maji kabla ya kufagia, au fagia saa nne. Najua kufagia alfajiri ni heshima ya nyumba na sikuombi uiache, nakuomba usogeze saa. Na yale majani ya mwembe na mkorosho mnayoyakusanya na kuyawasha moto kabla jua halijatoka, hayo ndiyo yanayoniuma kuliko yote. Saa ile ndiyo saa ambayo moshi hauna pa kwenda. Rundo dogo la majani mabichi linaweza kuzijaza nyumba kumi. Chimba shimo, yaozee humo, mwakani utapata mbolea. Zungumza na majirani kwa upole, mwambie kila mmoja kuwa kuna mtoto anayebanwa. Watu wetu wana huruma wakielezwa. Wengi hawajui kwamba moshi wao wa saa kumi na moja alfajiri unalala chumbani kwa mwanao. Mifuko ya plastiki isichomwe saa yoyote.

Shuleni ndiko nina wasiwasi zaidi. Mtoto anafika saa kumi na mbili na nusu, anapewa fagio, vumbi linatimka, kisha mchakamchaka. Mtu anayekimbia huvuta hewa mara nyingi zaidi ya aliyekaa, na kwa mdomo, bila kuchujwa na pua. Nenda ukaonane na mwalimu wa darasa, ukae naye, umweleze. Mwombe siku za umande mzito mwanao apewe kazi ya kumwagilia maua badala ya kufagia, na asikimbie asubuhi. Michezo ya jioni anaweza, tena ni vizuri acheze, hewa ya saa kumi jioni yenye upepo wa bahari inamfaa. Njiani apite uchochoroni. Moshi wa magari hupungua sana ukijitenga na barabara kuu hata kwa hatua mia mbili.

Kanga au kitambaa puani huzuia mchanga, hakizuii moshi. Barakoa zile za kuchuja chembe ndogo husaidia zikibana vizuri usoni, lakini za ukubwa wa mtoto wa miaka saba ni shida kupatikana, na iliyolegea ni sawa na hakuna. Fedha hiyo iweke kwenye dawa. Mapema Mei, kabla kiangazi hakijakaza, mpeleke hospitali ya Ligula au kituo cha afya kilicho karibu, umuulize daktari kama anahitaji dawa ya kuvuta ya kila siku ya kuzuia, mbali na ile ya kufungua kifua akishabanwa. Mwambie daktari kwamba shida ina miezi yake na saa zake. Maelezo hayo yatamsaidia.

Kuhusu jiko lako mwenyewe hukuniambia unapikia nini. Mtwara tumekaa karibu na gesi ya Mnazi Bay, na baadhi ya nyumba za mjini zimeshaunganishwa na bomba. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Kama bomba halijafika kwako na mtungi ni mzigo, basi chai ya asubuhi peke yake ndiyo upikie gesi, na mkaa uusubirishe mchana. Mtungi utadumu, na moto wako wa mkaa utakuwa umewaka wakati kawa halipo.

Sasa Newala. Najua kwa nini umeifikiria: ipo juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, upepo unapita, na hewa baridi ya usiku hutelemka kwenda mabondeni badala ya kutuama kileleni. Ungeniuliza kati ya Newala na Masasi, iliyokaa katikati ya vilima vya mawe, ningekuambia Newala bila kusita. Tatizo ni mwezi. Juni hadi Agosti mikorosho inachanua, ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga unashambulia maua, na wakulima wanapuliza salfa ya unga, wengi kila baada ya wiki mbili au tatu. Na wanapuliza saa ngapi? Alfajiri, upepo ukiwa umelala na majani yana umande, ili unga ushike na usipeperuke. Mkulima ana akili, anatumia kawa kwa faida ya mkorosho wake. Lakini unga huo ukielea chini ya kawa unawasha macho na kubana kifua hata cha mtu mzima mwenye afya, na kijijini mikorosho imeizunguka nyumba. Ungekuwa umemtoa mtoto kwenye moshi wa mkaa ukampeleka kwenye salfa, mbali na daktari wake.

Kwa hiyo likizo ya Juni abaki na wewe pwani, alale chumba kisichotazama barabara, na alasiri umpeleke ufukweni. Bibi yake mwambie mjukuu anakuja Desemba. Wakati huo salfa imekwisha, mioto ya mashamba imezimika na mvua zimeanza kutuliza vumbi. Ila mwombe bibi akianza kuchoma korosho mbichi uwanjani, maana moshi wa mafuta ya maganda yake ni mkali sana, amkalishe mtoto upande unakotoka upepo, mbali na moto, mpaka zitakapokuwa tayari kubanguliwa.